Nimeweka injini ingine na gari haivuti: maswali ninayoulizwa karibu kila wiki

Mimi ni fundi hapa Nairobi, kazi yangu kubwa ni kushusha injini na kupandisha ingine. Toyota ndio nyingi, halafu Nissan na Subaru. Haya maswali nimeyajibu kwa simu, kwa WhatsApp, nikiwa chini ya gari, mpaka nikaona niyaweke mahali pamoja. Inaniuma sana kuona mtu amenunua injini ya pili na shida ilikuwa ni kebo.

Fundi, tangu niwekewe injini ya ex-Japan gari imekuwa nzito. Nimeuziwa injini mbovu?

Inaweza kuwa, lakini usianzie hapo. Injini ikitoka Japan inakuja na vitu vyake, na gari yako ilibaki na vyake: waya, kontrol boksi (ile kompyuta ya injini), kebo, boksi ya filta ya hewa, eksozi, pampu ya petroli, giaboksi. Shida nyingi ninazopata ziko pale hivyo viwili vinakutana. Kwa hivyo swali langu la kwanza kwa mwenye gari huwa ni hili, ni nini kilitolewa kwa injini ya zamani kikafungwa kwa hii? Kama haujui, rudi kwa fundi aliyefunga umuulize pole pole bila kelele, kwa sababu jibu lake litakuokolea siku mbili za kutafuta.

Halafu kuna kitu kimoja nataka uniambie kabla hujanipigia. Ukikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda haraka na gari haiendi, ama mshale wenyewe hautaki kupanda? Hizo ni shida mbili tofauti kabisa. Mshale ukipanda na gari imekwama, injini iko sawa, angalia klachi ama giaboksi. Mshale ukikataa kupanda, hapo sasa ni injini ama kitu kinachoilisha.

Ni kitu gani naweza kuangalia mwenyewe bila kulipa mtu?

Kebo ya mafuta, ile inayovutwa na kanyagio, kama gari yako ni ya kebo. Toa ile paipu kubwa ya hewa inayoingia kwa throto, yaani mlango wa hewa ya injini, injini ikiwa imezimwa. Mwambie mtu aketi kwa dereva akanyage mpaka chini kabisa, wewe angalia kile kisahani cha shaba ndani. Kinafaa kulala sambamba na hewa, ukiona ni ukingo wake tu. Kikisimama kimeinama nusu, hiyo ndiyo shida yako.

Hii nilijifunza kwa gari yangu mwenyewe, sio ya mteja. Nilikuwa na Toyota 110, injini yake ya 5A ikachoka, nikanunua 5A ingine Kirinyaga Road, na kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi nikaachia kijana mwingine aifunge. Gari ikawaka vizuri, ikanguruma vizuri, lakini kupanda Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Uthiru matatu zote zilikuwa zinanipita, hata zile zimejaa. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha waya za plagi. Nikanunua pampu ya petroli. Nikapeleka nozeli, zile zinapuliza petroli, zisafishwe. Pesa ilifika karibu 18,000 na gari bado ilikuwa vile vile, na mimi ni fundi! Siku moja nikatoa hiyo paipu nikamwambia kijana wa karibu anikanyagie, nikaona kisahani kinafunguka nusu tu. Breketi ya kebo ilikuwa ya injini ingine, imekaa karibu kidogo, kebo ikawa imelegea. Nati mbili, spana ya 12, dakika tano. Tangu siku hiyo sifungui kitu kingine chochote kabla sijaangalia kisahani.

Ukiwa hapo chini ya kanyagio angalia pia kapeti, kuna kapeti nene za kushonwa zinazuia kanyagio isifike chini. Gari za throto ya umeme hazina kebo, hizo utazisoma kwa skana.

Lakini si Nairobi gari zote ni nzito kwa sababu ya mwinuko?

Ni kweli na watu hawaizingatii vya kutosha. Tuko karibu mita 1,795 juu ya bahari na hewa hapa ni nyepesi, presha yake ni kama kPa 82 badala ya 101 ya Mombasa. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 16 hadi 20. Kwa hivyo ile injini imeandikwa nguvu za farasi 100 Japan, hapa unaendesha 80 na kitu, na ukipanda Limuru unapungukiwa zaidi. Ndio maana mtu anaenda Mombasa na Probox yake anarudi akisema gari ilikuwa inaruka huko na imechoka Nairobi. Haijachoka, ni hewa.

Lakini mwinuko hauanzi siku ya kubadilisha injini. Kama injini ya zamani ilikuwa inapanda hapo Kangemi na gia ya tatu na hii mpya ya saizi ile ile inataka ya pili, hiyo sio hewa.

Huu mwinuko unasaidia pia kupima. Ukiwa na skana, washa switchi bila kuwasha injini, usome sensa ya MAP, ile inayopima presha ya hewa inayoingia kwa injini. Hapa Nairobi inafaa kuonyesha karibu 82. Ikikuambia 100, hiyo sensa inadanganya ama ni ya aina ingine, na kontrol boksi inapiga hesabu ya petroli kwa hewa ambayo haipo.

Skana yangu ya simu haisomi gari. Nifanye nini?

Zile skana ndogo za Bluetooth zinasumbua sana kwa gari zilizotengenezewa soko la Japan kabla ya 2008 hivi, soketi ni ile ile lakini lugha ni ingine. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota ama Nissan za Japan.

Kwa gari kama 110 na wenzake wa miaka ya 90 hauhitaji mashine. Fungua boneti, tafuta kile kiboksi kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC, ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 na kipande cha waya, washa switchi bila kuwasha injini, uangalie taa ya cheki injini ikipepesa. Ikipepesa sawasawa bila kusimama, hakuna kodi, yaani namba ya hitilafu. Ikipepesa mara mbili, inapumzika kidogo, kisha mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya MAP, 41 ni sensa ya throto, 21 ni sensa ya oksijeni. Hesabu mara mbili uandike, usitegemee kichwa.

Taa ya cheki injini haiwaki kabisa. Si hiyo inamaanisha iko sawa?

Kwanza hakikisha inawaka ukifungua switchi kabla ya kuwasha injini. Nimekutana na gari ambazo balbu imetolewa, ama waya imekatwa, ndio mteja asiulize. Na hata taa ikiwa nzima, kebo iliyolegea, filta iliyoziba, eksozi iliyoziba na breki inayoshika haziwashi taa yoyote.

Fundi alitega taimingi kwa masikio. Inaweza kuwa hiyo?

Sana. Taimingi ni ule wakati plagi inapiga moto. Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio ilikuwa shida ya pili ya ile 110 yangu. Baada ya kurekebisha kebo gari ilirudi lakini sio yote, bado ilikuwa na uzito wa mbali, ile unakanyaga inafikiria kwanza.

Injini za 5A na 4A ziko na distribyuta, ile inayogawia plagi moto, na ukiizungusha taimingi inasonga. Kitabu kinataka digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa imepata moto na inanguruma bila kukanyagwa, na TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Bila kuziunganisha kontrol boksi inasongesha taimingi yenyewe, kwa hivyo unachosoma hakina maana. Nilipoweka taa ya taimingi kwangu nikapata 2. Nikalegeza bolti za distribyuta, nikazungusha kidogo kidogo mpaka alama ikasimama kwa 10, nikakaza, nikatoa waya. Jioni hiyo nilipanda mpaka Kikuyu bila kutafuta gia.

Sasa sikiza hii vizuri. Kama umezungusha distribyuta mpaka mwisho wa tundu lake la bolti na bado haifiki 10, usilazimishe. Mara nyingi hapo beleti ya taimingi imefungwa ikiwa imeruka jino moja. Gari ya hivyo itawaka na itanguruma, ila itakosa nguvu, na ukiinunulia plagi mpaka Krismasi haitapona. Toa kava ya juu, leta pistoni ya kwanza juu, uangalie kama tundu dogo la puli ya kamshafti limelingana na alama ya nyuma yake.

Injini za cheni kama 1NZ hazina distribyuta. Hapo uliza skana kuhusu kodi za P0011, P0012 na P0016. Ukipata moja ya hizo, anza na oili kwanza, maana VVT-i, ule mfumo wa Toyota unaosogeza wakati wa valvu kufunguka, inasukumwa na oili. Oili ikiwa chini ama imekuwa matope, ile valvu ndogo ya VVT inakwama. Injini iliyolala kwa yadi miezi mingi inapenda hii shida. Mwaga oili iliyokuja nayo hata kama inaonekana safi, weka mpya na filta, safisha ile valvu na kichujio chake.

Nimetoa injini ya 1300 nikaweka ya 1500 lakini nikabaki na kontrol boksi ya zamani. Ni shida?

Inawaka na inatembea, ndio maana watu wanafanya. Lakini kontrol boksi ya 2NZ, ile injini ya 1300, inajua hewa na nozeli za 1300, na hii injini inavuta zaidi. Sensa ya oksijeni itasaidia kurekebisha ukiwa unaenda taratibu, ila ukikanyaga mpaka chini kontrol boksi inaacha kusikiliza hiyo sensa inatumia hesabu zake za ndani. Hapo ndipo petroli inapungua na gari inakosa pumzi wakati unaihitaji.

Skana ikiwa na uwezo, soma marekebisho ya petroli, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ukijumlisha yakikaa kati ya kutoa asilimia 10 na kuongeza asilimia 10 usijali. Yakifika 20 kwenda juu, injini inalia njaa: ama hewa inaingia mahali haijapimwa, ama petroli haitoshi, ama sensa ya hewa na nyumba yake havijalingana. Hii ya mwisho naikuta sana, mtu anahamisha sensa ya hewa kwa paipu ya gari ingine yenye upana tofauti. Kile kisensa kinapima kipande kidogo tu cha hewa na kupigia hesabu upana wa ile paipu yake. Ukibadilisha paipu umebadilisha hesabu.

Kama bado hujanunua, tafuta injini iliyokuja na kontrol boksi yake, waya zake na sensa zake. Ile pua nzima ya gari iliyokatwa Japan ni ghali kidogo lakini unalala usingizi.

Na zile injini za D4?

Usichanganye. 1AZ-FSE, ambayo ndiyo ya D4, inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda na ina pampu yake ya presha kubwa, 1AZ-FE haifanyi hivyo. Majina yanafanana, waya na kontrol boksi ni tofauti. Mtu akikuambia ataunganisha tu, muulize ni gari gani amewahi kuunganisha hivyo na uende uione.

Nitajuaje kama ni petroli haifiki?

Dalili yake ni hii: gari inaanza vizuri, ukishikilia mafuta kwa mlima inavuta sekunde chache halafu inalegea, ukiachilia ukikanyaga tena inavuta tena kidogo. Usikisie, weka geji ya presha ya petroli. 1NZ-FE inataka kPa 304 hadi 343. 5A inataka 265 hadi 304, ile paipu ndogo ya vakyumu ya regyuleta ikiwa imetolewa. Na usipime gari ikiwa imesimama tu, funga geji na tepu kwa kioo cha mbele, uende nayo barabarani uone inasema nini ukikanyaga.

Kuhusu petroli yenyewe, kuchanganya na mafuta ya taa kulikuwa kumezidi hapa kwetu mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili isilipe tena kuchanganya. Ukishuku tanki lako, jaza kituo kingine mara mbili kabla ya kufungua injini.

Eksozi inaweza kufanya gari iwe nzito hivyo?

Inaweza kabisa. Injini ya zamani iliyokuwa inakula oili ilichafua katalitiki konvata, ile inayosafisha moshi kwa eksozi, kabla haijafa, na sasa umefunga injini nzuri nyuma ya kizibo. Njia rahisi: toa sensa ya oksijeni ya mbele, uache tundu wazi, uendeshe mita mia chache. Itapiga kelele mbaya na ni moto, kuwa mwangalifu na waya za karibu. Kama nguvu imerudi, umepata. Weka katalitiki nzima. Kuna mafundi watakuambia waitoe tu, na kuna wanaoitoa bila kukuambia kwa sababu ina soko, kwa hivyo iangalie ikiwepo kabla ya kuacha gari na baada.

Fundi alitoa thamostati akasema Nairobi haihitajiki.

Hii imani inanisumbua sana. Thamostati ndiyo inazuia maji yasizunguke kwa rejeta mpaka injini ipate moto. Bila thamostati injini inakaa baridi, hasa asubuhi za Julai, kontrol boksi inadhani bado gari inawashwa ndio inaendelea kumwaga petroli. Na giaboksi nyingi za otomatiki za Toyota hazikuingizii ovadraivu mpaka injini ipate moto. Irudishe.

Ni lini sasa nipime kompresheni?

Kompresheni ni presha silinda inayobana. Ipime ukishamaliza hayo yote, ama kabla ya kulipa injini ikiwa bado iko dukani. Injini iwe na moto kama inawezekana, toa plagi zote nne, betri iwe imejaa, kanyaga mafuta mpaka chini, zungusha mpaka geji isipande tena. Andika silinda moja moja. Usiogope ukiona namba iko chini ya kitabu, kwa sababu geji nayo inakula hii hewa yetu nyepesi: kitabu kikisema bar 15, hapa injini nzima inaweza kukupa 12 hivi. Cha muhimu ni tofauti kati ya silinda, Toyota inataka isizidi bar 1. Ukipata 12, 12, 11.5 na 8, hiyo ya 8 mwagia kijiko kidogo cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu ama gasketi.

Hiyo karatasi ndiyo utarudi nayo kwa aliyekuuzia. Maneno ya gari haivuti hayasaidii, namba nne zinasaidia.

Erthi inahusiana vipi na nguvu?

Kuna waya mnene unatoka kwa injini kwenda kwa bodi, unasahaulika mara nyingi siku ya kufunga. Sensa zinasoma vibaya, koili zinapiga dhaifu. Angalia upo na umekazwa kwa chuma kisafi, sio juu ya rangi.

Gari ni otomatiki, nitajuaje kama ni giaboksi?

Breki ya mkono juu, mguu wa kushoto ukanyage breki kabisa, weka D, kanyaga mafuta mpaka chini usome mshale wa mizunguko, usizidishe sekunde tano, na asisimame mtu mbele ya gari. Toyota ndogo nyingi hukaa kati ya 2,000 na 2,600. Ikienda juu sana, giaboksi inateleza. Ikikaa chini sana, injini haina nguvu. Ipumzishe dakika kadhaa kabla ya kurudia.

Ukiona gari inaanza polepole kama imeng'olewa na gia ya tatu lakini ikishashika kasi inaenda sawa, giaboksi imejifungia kwa usalama, mara nyingi kuna plagi ya waya haikurudishwa.

Kuna kitu cha NTSA?

Ndio, namba ya injini iko kwa logibuku na lazima ibadilishwe ilingane na hii mpya. Weka risiti ya injini. Ukiuza gari ama ukipata ajali ndipo utajua umuhimu wake.

Siku ya kwanza gari ilivuta vizuri sana, baada ya wiki mbili ikaanza kuchoka. Injini imekufa tena?

Uliza gari ilikaa gereji muda gani ikingoja injini. Kama ni miezi, tanki lilikuwa nusu na maji yakajikusanya ndani, kutu ikaanza. Sasa umeanza kuendesha na yote yanavutwa kwa kichujio cha pampu. Juzi nilifungua tanki la Toyota NZE ya mteja wa Rongai ambaye tayari alikuwa anatafuta bei ya injini ya tatu. Kile kichujio cha kitambaa chini ya pampu kinafaa kuwa cheupe, chake kilikuwa rangi ya udongo wa Murang'a, na kilikuwa kigumu ukikibonyeza. Tulimwaga petroli, tukaosha tanki, tukaweka kichujio na filta mpya, tukapima presha barabarani ikakaa 310 bila kushuka. Amepiga simu Jumapili, amepanda mlima wa Mai Mahiu na watu watano ndani.